Mjadala: Gemu ngumu ilegezwe, au mchezaji akaze buti?

Wadau, kila ikitoka gemu ngumu watu wanadai iwekewe hali rahisi. Ugomvi ulikuwa mkubwa 2019 ilipotoka Sekiro ya FromSoftware, ukarudi Septemba 2025 na Hollow Knight: Silksong, ambayo watengenezaji wake waliwalegeza mabosi (maadui wakubwa) wawili wa mwanzoni, Moorwing na Sister Splinter, mwezi uleule.

Msimamo wangu: hali rahisi inayopunguza maumivu ya mapigo inamnyima mchezaji gemu yenyewe. Chukua pambano na bosi Genichiro, juu ya ngome ya Ashina kwenye Sekiro. Wengi hufika pale na mazoea ya kuchoma pigo moja na kukimbia. Kwa Genichiro hayo hayafui dafu. Ukirudi nyuma anakumiminia mishale, na ule mstari unaoonyesha anavyopoteza mkao (ukijaa ndipo unampiga pigo la kummaliza) unashuka tena. Inabidi usimame mbele yake, upangue pigo baada ya pigo. Mwishoni anakuja na radi, na dawa yake ni kuruka, uipokee ukiwa hewani na umrudishie kabla hujakanyaga chini. Sasa mpe mchezaji uhai mara tatu. Atashinda kwa kubonyeza vitufe ovyo, ataondoka hajui kupangua, na huko mbele kunadaiwa ujuzi huohuo.

Lakini wale wa "jifunze au acha" nao siwaungi mkono. Kuna watu ambao vidole vyao haviwezi kasi ile hata wakifanya mazoezi mwaka mzima. Na hoja kwamba ugumu haugusiki haisimami, maana Sekiro yenyewe ina kengele kule hekalu la Senpou: ukiigonga, maadui wanakuwa wakali zaidi.

Kwangu jibu liko kwenye Celeste, gemu ya kurukaruka ya 2018. Ina msaada unaokuruhusu kushusha kasi ya gemu, asilimia 10 kila hatua, hadi ibaki nusu. Miruko ni ileile, ukikosea unakufa vilevile, ila macho na vidole vinapata muda wa kujifunza, kisha unapandisha taratibu. (Ina pia chaguo la kutokufa kabisa. Hilo ndilo nisingeliweka Sekiro.)

Je, Sekiro ikipewa uwezo wa kushusha kasi tu, maumivu yasiguswe, mnakubali? Na nyie mlioishia kwa Genichiro, mngerudi kujaribu?