Bulo (bolti) moja ya kutu imenikula dola 310: ba fundi ya Bukavu, muache kuziba diriti ya renifla, ile bomba ya mpira yenye moteri inapumulia!!

Bandugu niko na hasira na leo naandika yote, mwenye hataki kusoma apite.

Carina yangu ya moteri 7A ilianza kuvuja mafuta mu mwezi wa tano. Tone mbili tatu asubui, basi. Nikapeleka ku garaji, fundi anaangalia dakika mbili, anasema ni mpira ya mufuniko ya juu, leta dola 40. Akabadirisha, akapaka na silikoni pande zote kama mwenye anapaka siagi ku mukate. Wiki tatu hata haijaisha, mafuta tena, sasa inatokea nyuma, inaingia ku ambrayaji (klachi), nikipanda pale mu kartie ya Essence moteri inalia na gari haiendi. Anasema aaah sasa ni spi ya nyuma, ule mupete wa mpira wenye unazuia mafuta isitoke. Boiti ya vitesi (giaboksi) ikashushwa, dola 180, na ambrayaji mupya 90 juu yake. Nikakopa kwa shemeji, na shemeji mpaka sasa ananipita mu njia kama hanijue.

Siku kumi na tisa, bandugu. KUMI NA TISA. Spi mupya nayo ikaanza kutema, na hapo joji ya mafuta (kale kafimbo ka kupimia mafuta) ilikuwa inaruka yenyewe, nafungua kapo (boneti) nakuta imepanda vidole vitatu, mafuta imerushwa mpaka ku betri. Namuuliza fundi, ananijibu bila haya, "papa, moteri imechoka, segma, zile pete za pistoni, zimekufa, tafuta moteri ingine." Eti moteri ingine!

Njo muzee mumoja jirani yangu wa Nyawera, aliendeshaka malori zamani, akaniambia washa gari, iache mu ralanti, bila kukanyaga gazi, kisha fungua kizibo ya pa kumwangia mafuta. Nikafungua, hewa ikanipiga mukono kama vile mutu anapuliza makala. Muzee akacheka. Akafuata diriti yenye inatoka mu mufuniko kwenda ku bomba ya filtri ya hewa, akaifinya finya, mbona hapa iko nguvu? Akachomoa. BULO. Bulo ya kumi, ya kutu, imesokomezwa ndani ya diriti na koliye imekazwa juu yake vizuri kabisa, mwenye aliifanya aliifanya na roho yake yote.

Sasa nisikilize. Kila moteri, hata mupya, esansi ikiwaka kuko kamoshi kanapenya kando ya segma kanashuka mu karteri, kule chini mwenye mafuta ya moteri inakaa. Lazima katoke. Njia yake ni kale ka klape (vali) ka renifla ku mufuniko, moteri yenyewe inakavuta ule moshi urudie kuwaka. Klape ikiganda na uchafu, moshi unapitia diriti ile ingine na unabeba mafuta mpaka ku filtri ya hewa. Na hapa njo nilikumbuka!! Mwaka jana nililalamika filtri inalowa mafuta, huyu huyu fundi akashika shika pale akasema "papa nimemaliza". Kumaliza kwake njo ile bulo. Badala ya kusafisha klape akafunga njia ya pili, sasa presha ipite wapi? Ikapita mu spi. Na ingekuwa Bukavu iko tambarare ningesema sawa, lakini hapa tunapanda milima kutwa, ukikanyaga gazi yote klape inavutwa kidogo na moshi njo unazidi, ile diriti ya pili njo inakuokoa. Yeye anaizibia mutu wa Bukavu!

Klape yenyewe tulichomoa na pensi, kampira kake kakavunjika mu vidole kama biskuti. Klape nzima ukiitikisa inapashwa kulia kacha kacha, yangu kimya, ndani uji mweusi. Tukapulizia produi ya karabirateri, ikalia mara mbili ikakwama tena, nikaenda Kadutu nikapata ingine na kampira kake dola 7. Saba! (Ikikwama wazi nayo ni mubaya, ralanti inasumbuka na gari inakula mafuta.) Na wenye munatembeza gari safari fupi fupi, moteri haipati moto, muangalie chini ya kizibo ya mafuta, mukikuta kitu kama maziwa na kawa klape yenu iko njiani kuganda. Kila vidanji mbili (kubadirisha mafuta mara mbili) itikiseni tu, ni dakika tano, haiombe hata fundi.

Nilimurudishia bulo yake. Akaigeuza geuza, akasema, "iyi haiko ya kwangu, ya kwangu haikuwa na kutu."

Tangu juma mbili joji haijaruka. Lakini chini bado naona tone moja asubui, pale pale pa spi. Mwenye alishapitia hii aniambie, presha ikiisha ile spi inaweza kukamata yenyewe ao itaniomba kushusha boiti tena? Na kama ni kushusha munionyeshe fundi, ule wa bulo hapana.