Nampeleka mama kisiwani Hvar, Kroatia, mwezi Juni: kuna cha kumwonyesha mtu mzima?

Binti Muheza
Wakuu, heshima zenu. Naishi Munich, na mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi Juni. Nataka nimtoe kidogo aone bahari ya huku, maana miji ya Ujerumani alishazungushwa safari iliyopita na akaniambia wazi kwamba majengo yamemchosha. Nimefikiria kisiwa cha Hvar, Kroatia. Shida ni kwamba kila nikitafuta naletewa habari za madisko, boti za kifahari na vijana wanaokesha wakinywa. Mama ni mwalimu mstaafu, anapenda historia na mashamba, hatumii pombe, na goti lake haliwezi ngazi nyingi. Je, kuna cha kumwonyesha huko au nitafute kisiwa kingine? Na viza yake ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, iliyotolewa na Ujerumani itakubalika? Kuna mtu kazini ameniambia Kroatia wanataka viza yao wenyewe. Naombeni ushauri.

Kibarua wa Split
Karibu dada. Huyo mwenzako anakupa habari za zamani. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyohiyo ikaanza kutumia yuro. Viza ya Ujerumani inatosha. Ila kama ni ya kuingia mara moja tu, chunga msije mkavuka kwenda Bosnia. Zamani ukitoka Split kwenda Dubrovnik, miji ya pwani ya Kroatia, kwa barabara ulilazimika kukatiza kipande cha Bosnia pale Neum. Tangu daraja la Pelješac lifunguliwe mwaka 2022 unaweza kupita ndani ya Kroatia mwanzo mwisho, kwa hiyo uliza basi linapita njia ipi kabla ya kukata tiketi.

Kisiwani mtaingilia Split. Boti ya mwendo kasi hufika mji wa Hvar kwa muda wa saa moja hivi, lakini haibebi magari. Feri kubwa huchukua saa mbili kwenda Stari Grad, na kwa mama ndiyo bora, kwa sababu ina nafasi ya kutembea na kukaa nje kwenye upepo. Gati liko nje kidogo ya mji, basi huwa linasubiri abiria. Ushauri wangu mkubwa: laleni Stari Grad. Hizo kelele unazosoma zimekusanyika mji wa Hvar.

Ukhti wa Trieste
Namuunga mkono Kibarua. Mama anayependa historia na mashamba, Hvar ndiyo kwao! Stari Grad ilianzishwa mwaka 384 kabla ya Kristo na Wagiriki waliotoka kisiwa cha Paros, wakaiita Faros. Hao Wagiriki waliligawa bonde la jirani kwa viwanja vya mstatili, kila kimoja kama mita 180 kwa 900, wakavitenganisha kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mipaka ile ipo hadi leo, na watu bado wanalima mlemle zabibu na mizeituni. UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ni tambarare tupu, goti halitalalamika. Nendeni asubuhi mapema, jua la Juni ni kali na kivuli ni cha kutafuta.

Mjini palepale kuna Tvrdalj, nyumba ya mshairi Petar Hektorović wa karne ya 16. Aliijenga kama ngome ili wenyeji nao wapate pa kujificha mashambulizi yakija kutoka baharini. Katikati kuna bwawa la maji ya chumvi lenye samaki jamii ya mkizi, na kuta zimechongwa maandishi. Mwambie mama asome hata yale ya chooni, yanayomuuliza mtu: kama unajijua ulivyo, majivuno ya nini?

Halafu, kwa kuwa mnatoka Tanga, usikose masista Wabenedikto wa mji wa Hvar. Wanafuma lesi kwa nyuzi za agave, ndugu wa mkonge wetu. Wanachukua jani bichi, wanatoa nyuzi za ndani, wanazisafisha na kuzikausha hadi zinakuwa nyembamba kama unywele, kisha wanafuma kwa sindano bila mchoro wowote mbele yao. Kazi hii imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2009. Mtu aliyekulia kati ya mashamba ya mkonge, akazoea kamba na magunia, ataikodolea macho ile lesi. Mimi nilisimama pale mpaka niliokuwa nao wakaniacha.

Mzee wa Bandari
Binti yangu, wasikutishe na mji wa Hvar. Asubuhi ni mtulivu, na una historia nzito. Mwaka 1571 Waturuki wa Osmani waliuchoma moto, wakazi wakakimbilia ngome ya juu. Miaka minane baadaye radi ikapiga ghala la baruti humohumo ngomeni. Walijenga upya, na mwaka 1612 wakafungua jumba la maigizo juu ya ghala la zamani la meli, likawa wazi kwa wakubwa na makabwela pamoja. Tabaka hizo mbili zilikuwa zimetoka kwenye ugomvi wa miaka mingi, ndiyo maana mlangoni pameandikwa kwamba ule ni mwaka wa pili wa amani. Ngomeni msipande ngazi, teksi inafika juu.

Binti Muheza
Shikamoo Mzee, na ahsanteni sana nyote. Basi Hvar haibadiliki, na kulala ni Stari Grad. Bado mawili: chakula, na lile ua la lavenda, mama amelisikia. Tufike tarehe ngapi?

Kibarua wa Split
Chakula kitamu cha huko ni *gregada*, samaki na viazi vilivyochemshwa kwa mafuta ya zeituni, lakini kwa kawaida hutiwa mvinyo mweupe, kwa hiyo uliza kwanza. Salama zaidi ni samaki wa kuchoma na *blitva*, majani yanayofanana na mchicha yakichanganywa na viazi. Fukwe ni za kokoto na miamba, mnunulie viatu vya majini, maana kuna wale viumbe weusi wenye miiba. Mkienda visiwa vidogo vya Pakleni, kirukeni Jerolim, huko watu huoga uchi.

Lavenda nendeni Velo Grablje au Brusje, vijiji vya mawe vya mlimani. Mashamba yamepungua kwa sababu ya moto na watu kuhama, ila yaliyobaki yanapendeza mno. Mwanzoni mwa Juni mtakuta bado hayajachanua, na katikati ya Julai wameshavuna. Kama likizo hujaithibitisha, isogeze hadi wiki ya mwisho ya Juni.