Naombeni msaada kutambua baiskeli ya resi ya mzee wangu, ni modeli gani na ya mwaka gani?

Kijana wa Kirumba

Habari za jioni wakuu. Nina baiskeli ya resi ya mzee wangu, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo, imekaa stoo hapa Kirumba, Mwanza, tangu niko shule ya msingi na sasa nataka niifufue mzee akiwa bado yupo na nguvu, ana miaka 71 na magoti yameanza kumsumbua. Shida hakuna anayejua ni baiskeli gani. Aliinunua 1986 kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akawa anatoka nayo hapa mpaka Magu na kurudi siku hiyo hiyo, na kwenye mashindano alikuwa anaingia nayo, alafu miaka ya mbele huko mtu akaipaka rangi ya bluu ya mlango fremu nzima, yaani mpaka spoku zina rangi. Pale mbele chini ya usukani pana vitundu viwili tu, nembo haipo. Mzee mwenyewe anaiita Rekodi, sisi tumekua tukijua ni kwa sababu ya kuwaacha wenzake kwenye mashindano.

Nilivyoviona mpaka sasa: gia 10, yaani nyuma vigurudumu vya meno viko vitano na mbele viwili, krenki (mikono ya pedali) za pini kama za Phoenix, rimu za chuma, na kile kinachohamisha mnyororo nyuma kimeandikwa Shimano na kwa ndani kuna herufi ndogo HD. Fundi mmoja wa pale mtaa wa Mlango Mmoja kasema ni ya Japani. Jamaa mwingine kasema ni ya miaka ya 60 ana 80,000 mkononi anataka aondoke nayo leo leo. Nimekwama hapo.

Fundi Igoma

Kwanza usiuze mdogo wangu. Mtu anayekukimbiza na hela ujue kuna kitu amekiona.

Pili huyo fundi mwenzangu amekosea, Shimano wa kule Sakai Japani wanatengeneza vipuri, gia na breki na habu, kwahiyo jina lao utalikuta kwenye baiskeli ya Mfaransa, ya Mwingereza, ya Mtaliano, popote. Land Rover ukiifunga injini ya Toyota haiwi Toyota. Ila hizo herufi HD ni za maana sana usizidharau, herufi ya kwanza ni mwaka na wanaanza na A 1976, B 1977, ukihesabu unafika H 1983. Ya pili ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba, D ni Aprili. Hicho kipuri kimetoka kiwandani Aprili 1983. Hicho kipuri tu lakini, fremu ina umri wake.

Sasa nitafutie hivi vitu. Namba ya fremu, geuza baiskeli juu chini uangalie kwenye lile boksi krenki zinapopita, ukikosa angalia kwenye kiungio chini ya siti, rangi ya mlango inajaza namba kwahiyo pitisha mswaki na mafuta ya taa taratibu. Alafu nipimie kwa rula upana wa fremu pale nyuma ekseli inapokaa, toa gurudumu upime ndani kwa ndani. Na upana wa boksi la krenki. Na kinachohamisha mnyororo kule mbele kimeandikwa nini.

Na tafadhali usipige msasa. Nimeona vijana wanakimbilia kupiga msasa mpaka chuma kinang'aa, alafu ndio wanakuja kuuliza ni baiskeli gani, wakati maandishi yote wameshayafuta wao wenyewe.

Kijana wa Kirumba

Asante sana kaka, nimekesha nayo jana. Namba iko chini ya siti upande wa kushoto, inaanza NH4 alafu tarakimu nyingine. Nyuma nimepata milimita 120. Boksi la krenki 76, nimepima mara tatu. Kule mbele ni plastiki nyeusi imeandikwa Simplex. Tairi la zamani limepasuka pasuka ila linasomeka 27 x 1¼, nilishawahi kufungiwa la 28 la Phoenix likawa linaruka kwenye rimu nikijaza upepo.

Dada wa Nyegezi

Jamani nimefurahi kusoma hii! Hiyo ni Raleigh ya Uingereza kaka. Boksi la 76 ndio alama yao ya kiwanda cha Nottingham, baiskeli nyingi za resi za Kiingereza ni 68, za Kitaliano 70. Na hiyo namba imekaa vilevile walivyokuwa wanaandika kuanzia 1973. N ni Nottingham, ingekuwa W ingekuwa kiwanda chao kingine cha Worksop. Herufi ya pili ni mwezi na wao wanaruka ruka, A Januari, B Februari, D Machi, E Aprili, G Mei, H Juni. Inayofuata ni tarakimu ya mwisho ya mwaka.

Kwahiyo Juni, mwaka unaoishia na 4. Sio ya miaka ya 60, huyo wa 80,000 mwambie arudi kwao.

Msukuma wa Kisesa

Basi imeisha hiyo, ni 1984. Gia ya Aprili 1983, fremu Juni 1984, baiskeli inatengenezwa vipuri vikiwa vimeshakaa stoo mwaka mmoja, inaingia akilini kabisa.

Dada wa Nyegezi

Ingeingia akilini ndugu yangu kama isingekuwa vile vitu vingine. Angalia, mbele Simplex ya Ufaransa ya plastiki, nyuma Shimano. Kiwandani kwa kawaida wanafunga pea, mbele na nyuma kampuni moja. Zile plastiki za Simplex zilijaa kwenye baiskeli za bei nafuu za mwanzoni mwa miaka ya 70 na zilikuwa zinavunjika vunjika. Mimi naona ya nyuma ilivunjika mwalimu akanunua Shimano, ya mbele ikabaki ya kwanza. Alafu 120 nyuma ni upana wa gia tano za zamani, zilipokuja sita na saba wakapanua ikawa 126. Na krenki za pini kwenye baiskeli ya resi mwaka 1984? Ukitaka umri uliza vitu vitatu vinne visivyojuana, wakisema neno moja ndio unaamini. Hapa watatu wanasema 1974 na mmoja tu ndio anasema 83, na huyo mmoja ni mgeni.

Msukuma wa Kisesa

Nimekuelewa dada, hiyo ya Simplex sikuiona. Nimekubali 1974.

Mzee wa Nansio

Mwadila bhabha. Mimi nimepanda Raleigh tangu ujana wangu huku Ukerewe, nyie mmeshamaliza mwaka, bado jina. Kijana subiri usiku, zima taa, chukua tochi uilaze ubavuni mwa bomba la juu, mwanga uambae ambae kwenye rangi usipige moja kwa moja. Chini ya hiyo bluu kama stika hazikutolewa kingo zake zinainuka kidogo, utaona kivuli cha herufi. Ukishajua ziko wapi ndio unachukua msasa laini kabisa wa maji, namba 1000, na maji ya sabuni, unasugua na kidole kimoja, ukiona dhahabu au nyeupe inachungulia unaacha hapo hapo. Usiweke thina, thina itakula rangi ya juu na stika pamoja.

Kijana wa Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Nitafanya leo usiku, naogopa kuharibu ila nitaenda polepole.

Fundi Igoma

Wakati unasubiri giza nikwambie la tairi maana hilo linaweza kukuangusha ukavunja bega. Namba ya inchi inadanganya, soma ile ya milimita. 27 x 1¼ ni 630. Lile la 28 x 1½ la Phoenix ni 635, kubwa kwa milimita tano ndio maana linaruka. Za resi za siku hizi ni 622, hata ulivute na spana mbili haliingii. Unatafuta 630 tu, ukiambiwa "hili linakaribiana" ondoka dukani. Na zile bakuli za beringi kwenye boksi la krenki usizitupe hata kama zimechoka, Raleigh ya Nottingham ina thredi 26 kwa inchi na za kawaida ni 24, fundi akilazimisha ya kawaida anakula thredi za fremu na baiskeli imekufa. Osha, weka gololi mpya na grisi, rudisha zilezile.

Kijana wa Kirumba

Wakuu nimerudi. Nilikaa stoo na tochi kama saa nzima sioni kitu, nikageuza baiskeli upande wa pili nikaona kivuli kwenye bomba la juu. Nikasugua na maji ya sabuni kama mzee alivyosema, ikaanza kutoka r na d, nikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikakamilika. Imeandikwa Record. Chini ya bluu rangi yenyewe ni nyekundu iliyoiva, bado inang'aa.

Nikamwita mzee aje aone. Kaiangalia akasema "si ndio jina lake, mlidhani nini?" Akaomba kiti akakaa pale stoo akaanza kuniambia hiyo ya nyuma ilibadilishwa na mwalimu kabla hajamuuzia, ya kwanza ilikuwa plastiki ikakatika. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza.

Anayejua duka lenye tairi 630 hapa Mwanza anijuze, nahitaji pea.