Mrejesho: kamera ndogo iliyokwama lenzi

Wadau, nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini kamera yangu ndogo inatoa lenzi nusu, inakwaruza, kisha inajizima. Asanteni sana mlionisihi nisiisukume kwa kidole.

Fundi ameifungua mbele yangu. Chembe za mchanga zilikwama kati ya mirija ya lenzi inayoingiliana, na gia ya plastiki, isiyozidi punje ya mahindi, imevunjika meno mawili. Bodi ya chuma ndiyo iliyonipa imani, kumbe ugumu wa nje hauzibi upenyo unaoizunguka lenzi. Kila inapotoka huvuta hewa pamoja na vumbi.

Gia imebadilishwa, kamera inapiga picha vizuri. Ila nikipiga anga, kidoa cheusi bado kinaonekana. Vumbi limefika kwenye sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Hilo atalisafisha Jumatatu.