Mzee ana saratani ya tezi dume, mpira wa mkojo upo lakini figo zinagoma. Wanataka kumtoboa mgongoni

MtuWaMakorora
Wadau habari za saa hizi. Naandika nikiwa barazani kwa mzee hapa Makorora, Tanga, saa saba usiku na usingizi sina, kwaiyo mnisamehe nikichanganya.

Mzee ana miaka 73. Saratani ya tezi dume iligundulika mwaka juzi ikiwa imeshaingia mifupa ya kiuno. Mwaka huu mkojo ukaanza kumsumbua, anasimama chooni nusu saa anatoka na matone, mpaka siku moja ukafunga kabisa tukakimbia nae hospitali wakamwekea mpira. Ikatoka kama lita moja na nusu, mzee akalala usiku kucha kama mtoto, sisi tukajua yameisha.

Kumbe bado. Wiki ya tatu hii mfuko unapata kama vikombe viwili tu kutwa nzima, miguu imevimba, chakula hataki, na ana kwikwi haikatiki. Juzi tumepima kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ni 684, iko juu sana. Utrasaundi inasema figo zote mbili zimejaa maji. Daktari anataka awekewe mirija mgongoni, moja kwa moja kwenye figo, ila tumeandikiwa rufaa twende Moshi au Dar. Bro mkubwa anasema mzee aachwe apumzike. Mama anasema mpira si upo, kwanini mkojo usitoke huko huko? Kusema kweli hata mimi sijaelewa.

Na mzee mwenyewe hofu yake wala si figo. Toka awekewe mpira hajakanyaga msikitini. Mfuko anaufunga pajani kwa kitambaa anashusha msuli juu yake, anakaa upande upande ameegemea ukuta ili mgeni asione. Aliyepitia haya anisaidie.

PwezaMkavu
Pole sana mkuu. Hayo mambo ya kutobolewa achana nayo, mpe madafu kwa wingi na mizizi ya mlonge, figo zinasafishika zenyewe. Baba yangu mdogo alipona hivyo hivyo.

MtuWaMakorora
Madafu mama anampa mawili kila siku, kuna jirani alimwambia hivyo hivyo.

NesiMstaafu
Mwanangu, madafu simamisha LEO. Dafu lina potasiamu nyingi, na figo zikigoma potasiamu haina pa kutokea, inajaa kwenye damu mpaka inasimamisha moyo. Ndizi nazo vile vile. Wamempima potasiamu? Kama hawajampima kesho asubuhi mpelekeni, ikifika 6.5 hapo hakuna kusubiri basi la Moshi, inashushwa kwanza.

Mama yako mwambie hivi. Chukulia simtanki. Mpira wa mkojo ni koki ya chini, sasa koki mmefungua lakini bomba linaloingiza maji kule juu limebanwa. Saratani imeota pale mirija ya figo inapoingilia kibofu, mkojo unabaki huko juu unazivimbisha figo, kibofu chenyewe kitupu. Ndio maana wanataka kutokea mgongoni.

Na maumivu ya kiuno anatumia dawa gani?

MtuWaMakorora
Duka la dawa hapa mtaani wanamchoma sindano ya diklofenaki, toka mwezi wa Ramadhani. Zaidi ya mara kumi sasa.

NesiMstaafu
Lailaha. Hiyo inaziua figo, na mtu aliyekuuzia hakuuliza hata swali moja. Diklofenaki na ibuprofeni zote mwiko. Panadoli sawa. Ikizidi, mofini ya maji ipo na anayo haki nayo, ila daktari lazima ajue figo zikoje, maana mofini hujikusanya mwilini, mgonjwa akawa analala tu na kushtuka shtuka.

BintiPangani
Dada yako nimepita hapo hapo na mume wangu. Aliwekewa upande mmoja tu, ile figo yenye afadhali, na ikatosha. Wanachoma ganzi, wanaangalia kwa utrasaundi, wanaingiza kamrija kembamba, kule nje kanaunganishwa na mfuko. Usiku wa kwanza zilitoka karibu lita nne nikaogopa nikamwita nesi, akaniambia figo zikifunguliwa zinamwaga hivyo, kazi yenu kupima na kumrudishia maji. Kwikwi ilikata siku ya tatu.

Sasa maisha yenyewe. Mrija unachomoka kirahisi kuliko unavyodhani. Wetu ulichomoka kwenye daladala, konda kamsaidia kushuka kwa kumkumbatia kiunoni. Toka hapo nikawa nautepeteza kwanza, yani naacha kitanzi cha ulegevu halafu plasta juu ya kitanzi, na kanga nakunja upana wa mkono nafunga kama mkanda. Kulala ni ubavu wa pili. Kubadilisha kila miezi mitatu hivi. Mfuko usipite juu ya usawa wa figo wala kuburuzika chini. Akipata homa na kutetemeka ni siku hiyo hiyo hospitali, sio kesho.

Alikaa miezi tisa. Miezi saba kati ya hiyo ilikuwa mizuri, alimwoza binti yetu. Bro wako simlaumu, kuna siku mimi pia nilitaka wamwache.

DoktaWaJioni
Kabla hamjagombana kuhusu mrija kuna swali hakuna aliyeuliza. Mzee amepata matibabu ya homoni, yale ya kushusha homoni ya kiume inayolisha saratani hii? Sindano ya tumboni au kutolewa korodani? Kama matibabu hayo yameshashindwa, mrija unampa muda na muda wenyewe si mrefu, mzee aamue akijua hivyo. Kama bado hayajashindwa habari ni nyingine kabisa.

MtuWaMakorora
Alikuwa anachoma ile ya kila miezi mitatu. Alichoma mbili tu, ela ikaisha, ana miezi nane hajachoma.

DoktaWaJioni
Basi hapo nenda Moshi. Saratani haijashindwa dawa, imekoseshwa dawa. Ikinyimwa homoni inaweza kunywea na mirija ya figo ikafunguka yenyewe, ila inachukua wiki kadhaa na figo hizo hazina wiki kadhaa, ndo kazi ya mrija wa mgongoni. Waulize kuhusu kutoa korodani, unalipa mara moja basi. Na wasimrudishie sindano kienyeji, ile siku za mwanzo inapandisha homoni kabla ya kushusha, mtu aliyeziba inaweza kumziba zaidi, lazima atangulizwe vidonge vya kuzuia homoni hiyo.

Miguu ikikosa nguvu ghafla huo ni uti wa mgongo umebanwa na saratani, msisubiri hata saa.

PwezaMkavu
Yani mzee wa miaka 73 ahasiwe kama beberu? Mambo ya majaribio haya.

DoktaWaJioni
Jaribio la 1941 hilo, daktari Huggins kule Chicago, na 1966 akapewa tuzo ya Nobel kwa hilo. Mlonge ulipewa nini?

UstadhiChumbageni
Shekhe wangu, mwambie mzee swala haijamwanguka. Huyo ni mwenye udhuru, mkojo unatoka bila hiari yake. Wakati wa swala ukiingia amwage mfuko, ajisafishe anapoweza, atawadhe, aswali hapo hapo, na kila faradhi udhu wake. Kama anaona haya msikitini mimi nitakuja nimswalishe nyumbani.

MtuWaMakorora
Mrejesho. Potasiamu 5.8, wamemwekea dripu na dawa wakasema kesho anaweza kusafiri. Madafu mama kampa jirani yule yule, sijui kwa nia gani. Nilimsomea mzee maneno ya Ustadhi, akakaa kimya mpaka nikadhani kalala, halafu akauliza, "Huyo wa Chumbageni mtoto wa nani?" Asubuhi bro ndo kampakia kwenye gari, hatukuongea sana. Tupo Mombo sasa hivi, gari imesimama, mzee kaomba maji ya kutawadhia.