Gemu langu la mawe ya Igogo: mama hawezi kuruka, mdogo wangu hasomi

NyumbaJuuYaMawe

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuunganisha gemu la kusoma na gemu la kuruka. Nimekwama, hii ni wiki ya tatu.

Mchana niko steshenari Mlango Mmoja, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Usiku, mama akishafunika cherehani yake, natengeneza gemu kwa Godot, programu ya kutengenezea magemu. Nilianzia kwenye simu kwa sababu Godot ina toleo la Android, sasa nimepata kompyuta ya mtumba. Programu yenyewe ni ya bure, na hata ukija kuuza gemu lako hakuna anayekudai.

Gemu linaitwa Mbula. Ni binti wa miaka 12 anayeishi na bibi yake juu mlimani Igogo, hapa Mwanza, kama tunavyoishi sisi: nyumba imeegemea jiwe, ngazi ni za mawe, na ukitaka kwenda kwa jirani unapita kwenye uwazi wa kupenya ubavu. Baba yake alikwenda visiwani kwenye dagaa, na simu yake haipatikani. Kila siku Mbula anashuka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kuuliza habari zake, kisha anapanda kurudi kwa bibi.

Kule chini ni maongezi: sura ya mtu, maneno yake, wewe unachagua la kujibu. Kupanda ndiko kuruka, jiwe hadi jiwe mpaka mlangoni. Mawe nimeyachora moja moja kutoka njia yetu. Kuna moja limekaa juu ya jingine kama yai juu ya kikombe, lina ufa uliojaa nyasi kavu. Hapo nimemweka mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu. Ukimfikia anatikisa kichwa juu chini mara tatu, kama wanavyofanya wenyewe saa nne asubuhi jua likishapasha jiwe, na gemu linahifadhi ulipofika. Yule mjusi nilimchora siku nne.

Picha ya kwanza kabisa ni usiku: mwezi mkubwa juu ya ziwa, chini yake mitumbwi ya dagaa na taa zao. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sasa shida. Mdogo wangu wa kidato cha pili amelicheza lote kwa dakika kumi na tano. Kila akiona maneno anabonyeza, anabonyeza, mpaka yaishe. Nikamuuliza Mbula anamtafuta nani, akasema, "Si anapeleka maji?" Mama naye alisoma kila neno, tena kwa sauti. Alipofika kwa mama muuza uji anayemwambia Mbula "baba yako alikuwa akinywa vikombe viwili", alinyamaza kidogo. Kisha yakaja mawe. Akaanguka jiwe la tatu mara 19, nimehesabu. Akanirudishia simu: "Nisomee wewe. Haya mawe nimeyapanda kutosha."

Wapo walionishauri nichague moja. Sitaki. Huku kwetu habari haikufuati mlimani, unaishukia. Ukishaipata, unapanda nayo kama unavyopanda na ndoo, na bibi amekaa mlangoni anakuangalia usoni kabla hujafika. Nikiondoa maongezi, Mbula hana cha kubeba. Nikiondoa mawe, hajabeba.

Mwaka 2024 lilitoka Tales of Kenzera: Zau, la Abubakar Salim, na unaweza kulicheza kwa sauti za Kiswahili. Nililiona kwa binamu yangu. Kijana anamwomba mungu wa mauti amrudishie baba yake, tena kwa lugha ninayoomba nayo chumvi kwa jirani. Salim alilitengeneza kwa uchungu wa kufiwa na baba yake. Tangu siku ile najua jambo hili linawezekana. Sijui tu nishone wapi.

KijanaWaNyegezi

Dada, pole na hongera. Nianze na mama, maana mara 19 kwenye jiwe moja si kosa lake, ni hesabu zako.

Mtu akiona ukingo, kidole chake kinabonyeza kikiwa kimechelewa kidogo. Kwa macho yake bado yuko juu ya jiwe, kwa kompyuta ameshatoka, kwa hiyo mruko unakataliwa naye anaanguka huku ana uhakika alibonyeza. Dawa yake ni kumpa muda wa msamaha. Waliotengeneza Celeste, lile gemu la kupanda mlima la 2018, waliweka hadharani skripti (maandishi ya amri za kompyuta) ya mhusika wao, na muda huo ni sekunde 0.1. Kwenye gemu la fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde hizo ni fremu 6. Wewe unalenga simu, na kioo cha simu hakimwambii mtu kidole kiko wapi, kwa hiyo anza na 0.15 kisha ujaribu.

Upande wa pili ni huohuo. Mtu akibonyeza kabla miguu haijagusa jiwe, usiitupe ile amri. Ishikilie kwa muda kama huo, miguu ikigusa tu, aruke.

Halafu, akianguka unampeleka wapi? Kama unamrudisha kwa mjusi aliyepita, acha, mrudishe kwenye jiwe alilotoka. Mama yako hashindani na mtu, anataka kumfikia bibi.

Celeste hiyohiyo ni ngumu kwelikweli, lakini ina sehemu ya msaada ambapo mchezaji anaweza kupunguza kasi ya gemu zima au kuzuia mhusika asife. Weka kitu kama hicho, na usikiite "rahisi". Mtu mzima akiambiwa achague "rahisi" anaona kama umemdharau. Kiite "Panda taratibu".

Nitumie sehemu ya kuruka nikuangalizie mvutano wa kushuka, ile nguvu inayomvuta chini. Nahisi Mbula wako anaelea.

MwalimuWaNansio

Mdogo wangu, nimesoma mara mbili. Nafundisha darasa la tano huku Ukerewe, na huyo mdogo wako anayebonyeza bila kusoma ninao 60 wa aina yake.

Mtoto haruki maneno kwa sababu ni mvivu. Anaruka kwa sababu ameshagundua kwamba asiposoma hakuna kinachobadilika. Je, kwenye gemu lako, jibu analochagua chini linafanya nini kule juu? Kwa ulivyoeleza, mawe ni yaleyale awe amemjibu mtu vizuri au vibaya. Basi ana akili kubonyeza.

Jaribu hivi. Mama muuza dagaa anamwambia Mbula, "Nipandishie hili beseni kwa dada yangu, nitakuambia nilichosikia." Akikubali, anapanda na beseni kichwani. Mtu mwenye beseni haruki kama asiye nalo. Kama alikuwa anaruka urefu wa matofali matatu, sasa mawili. Njia ya juu imefungwa, inabidi azungukie nyuma, apenye kwenye uwazi, na huko nyuma anakutana na mtu ambaye asingemkuta. Akikataa, anapanda mwepesi lakini hana habari ya kumpa bibi. Hapo neno alilolisema limekaa mwilini mwake. Si umesema mwenyewe kwamba habari inabebwa kama ndoo? Ibebeshe.

La pili ni salamu. Usiiweke kama pambo. Binti wa miaka 12 akimfikia mzee mwaloni na kuanza, "Umemwona baba?", hatajibiwa, au atajibiwa nusu. Weka chaguo la kuamkia, tena liwe la polepole: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, bibi hajambo, ndipo swali. Mchezaji mwenye haraka ataikwepa mara ya kwanza, atafika juu mikono mitupu, na kesho yake ataamkia. Hakuna haja ya kumhubiria.

La mwisho, hesabu visanduku vya maneno kabla ya chaguo la kwanza. Vikizidi vinne, kata.

NyumbaJuuYaMawe

Mwalimu, nimehesabu. Ni kumi na moja.

Asanteni sana nyote. Beseni naanza nalo leo. Kwa wanaotumia Godot: kuna namna ya kuweka skripti moja inayobaki hai hata ukihama sehemu moja ya gemu kwenda nyingine. Nimeiita "ahadi". Maongezi yanaandika humo, mawe yanasoma humo. Urefu wa mruko sasa unatoka kwenye ahadi, hautoki tena kwenye mwili wa Mbula peke yake.

MzigoWaKirumba

Mwangaluka binti yangu. Mimi si mtu wa magemu. Nanunua dagaa hapa mwaloni Kirumba na kupakia kwenye malori, kijana wangu ndiye aliyenionyesha picha yako ya kwanza, ile ya mwezi. Ni nzuri. Lakini ina kosa, na mtu yeyote wa ziwani ataliona kabla hajaona kingine.

Mwezi ukiwa mkubwa namna ile, mitumbwi ya dagaa haiko majini.

Dagaa anafuata taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri. Unaelea gizani, taa inawaka, dagaa wanakusanyika chini yake, unawazungushia nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga. Dagaa ana haja gani ya kuifuata taa yako? Anatawanyika. Utachoma mafuta ya injini urudi na ndoo mbili. Kwa hiyo mbalamwezi ikikaa, watu wanapumzika. Mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, wa visiwani anayeweza kuja nyumbani anakuja. Giza likirudi, wanaingia.

Na huyo baba yake Mbula, kama yuko visiwani, bibi yake hamngojei kila siku. Anaungoja mwezi.

NyumbaJuuYaMawe

Mwangaluka baba, shikamoo. Sikujibu siku zile kwa sababu hilo neno lako la mwisho lilinikalisha chini. Nimezaliwa Igogo, ziwa naliona kila nikifungua mlango, na zile taa za usiku nimezitazama tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kuna siku hazipo.

Nimefuta mwezi kwenye picha ya kwanza. Sasa ni giza tupu na taa, mstari mrefu wa taa, kama kuna mtaa mwingine kule majini. Nilidhani nitaumia kuufuta, lakini taa zimeonekana zaidi.

Kisha nikalivunja gemu zima na kulipanga kwa mwezi. Sasa lina usiku 29. Wakati wa giza wanaume hawapo, mwaloni ni mabeseni na haraka, hakuna anayekaa kuongea na mtoto, kwa hiyo ni mizigo na mawe. Mbalamwezi ikiingia wanaume wako mchangani wanashona nyavu, na ndipo midomo inafunguka. Maongezi marefu yote nimeyahamishia huko. Yale ya giza yamebaki neno moja moja la njiani, anasemeshwa huku anatembea, hasimami.

Mdogo wangu amelirudia. Alilikubali beseni bila kusoma, akaruka, akagonga kidevu cha jiwe, akaanguka. Akajaribu tena. Kisha akauliza, "Mbona amekuwa mzito?" Nikakaa kimya. Akarudi chini mwenyewe kumsemesha yule mama muuza dagaa, na safari hii alisoma. Usiku wa kumi na sita alimwamkia mzee wa nyavu bila mimi kusema kitu.

Mama naye nimempa ile 0.15 na "Panda taratibu", na akianguka anarudi kwenye jiwe alilotoka. Ameanguka mara nne. Alipomfikia mjusi akamwambia, "Haya, na wewe tikisa." Kaka wa Nyegezi, mvutano wa kushuka nimeuongeza, ulisema kweli, alikuwa anaelea. Mwisho mama akafika mlangoni kwa bibi. Nilikuwa nimeandika hapo maneno ya bibi, mistari sita. Mama akaniambia niitoe yote, bibi ataona tu uso wa mtoto atajua. Nimeitoa. Sasa bibi anasogea kwenye mkeka kumpa Mbula nafasi, basi.

Nina swali moja limebaki, baba wa Kirumba. Usiku wa kwanza wa giza, mitumbwi inapoingia tena majini baada ya mapumziko, huku mwaloni kunakuwaje? Nataka Mbula awepo.

MzigoWaKirumba

Marahaba binti yangu. Jioni ile pana kelele. Injini zinajaribiwa, betri zilizokuwa zinachajiwa zinashushwa begani, mtu anaita mwenzake aliyechelewa. Mitumbwi inasukumwa, vijana maji kiunoni, mpaka wa mwisho utoke. Kisha panakuwa kimya, na wewe uliyebaki nchi kavu unaanza kuzitafuta taa. Mwanzoni huzioni. Zinawashwa wakishafika mbali, moja, halafu nyingine.

Alfajiri akina mama wanakuwepo na mabeseni kabla hakujapambazuka. Wanaitambua injini ya mtu wao kwa mlio, mtumbwi ukiwa bado hauonekani. Mweke Mbula hapo, asikilize.