Sindano za kupunguza uzito dhidi ya mlo na mazoezi: tunashindanisha nini hasa?

Wadau, kila zinapotajwa sindano za kupunguza mwili, kuna jibu ambalo halikosekani: "Huo ni uvivu, mtu afunge mdomo na afanye mazoezi." Mimi jibu hilo silikubali. Naweka hoja zangu, anayeona vingine anijibu.

Semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, inaiga homoni ya GLP-1 inayotolewa na utumbo tukila. Inaufikishia ubongo habari ya shibe na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Haiyeyushi mafuta. Anayeitumia anapungua kwa sababu anakula kidogo, yaani naye anapungua kwa mlo, ila hashindi akipambana na njaa.

Na hiyo njaa tunaidharau mno. Mtu akipungua kwa kujinyima, homoni za njaa hupanda na za shibe hushuka. Amemaliza kula sasa hivi, sahani haijakauka, na mawazo yameshakwenda kwenye mlo unaofuata. Mwili nao hubana matumizi ya nishati. Utafiti wa mwaka 2016 uliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la runinga la Marekani la kupunguza uzito, watu waliofanya mazoezi hadi jasho likawatiririka. Miaka 6 baadaye wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao bado ilichoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hao nao tuwaite wavivu?

Sasa tuje kwenye dawa. Jaribio la mwaka 2021 lilikuwa na watu wazima karibu 2,000 kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutaidi walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Makundi yote mawili yalipewa ushauri wa mlo na mazoezi, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wala hawasemi kwamba baada ya kuacha, waliofuatiliwa walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Anayekuuzia sindano kama kazi ya miezi mitatu anakudanganya.

Wanaotetea mazoezi wana hoja nzito kuliko ile ya uvivu, sijui kwa nini hawaitumii. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani kwa watu waliokaribia kupata kisukari lilionyesha kuwa mlo na dakika 150 za mazoezi kwa wiki vilipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa asilimia 58, na vidonge vya metformini kwa asilimia 31. Halafu kuna misuli. Anayepungua sana hupoteza mafuta pamoja na misuli, na mtu wa makamo asiyefanya mazoezi ya nguvu anaweza kujikuta mwembamba lakini hainuki kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Hilo sindano hailitibu. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo navyo vipo, na wapo wanaopata mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Msimamo wangu: mwenye unene uliokithiri, au ambaye uzito umeshamletea maradhi, apewe dawa na daktari bila kusutwa, afanye na mazoezi, na aelezwe kabla ya sindano ya kwanza kwamba huenda akaitumia miaka mingi. Mwenye afya njema anayetaka kutoa kilo chache apendeze kwenye picha, huyo simuungi mkono hata kidogo.

Kwa mnaosema dawa haina maana kwa kuwa uzito unarudi ukiiacha, naomba mnijibu hili: mgonjwa wa presha akiacha vidonge na presha ikapanda, mbona hatusemi vidonge vilikuwa vya bure?